Mkunga "wa Jadi": Historia ya A-unganifu Mmoja

Methali isemayo "Usimtukane mkunga na uzazi ungalipo" nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka wanafunzi wangu waliieleza vilevile: usimdharau mtu ambaye huenda ukamhitaji kesho. Ni maelezo sahihi, na mtahini huyapa alama zote. Lakini mimi niliisikia kwanza kinywani mwa mkunga mwenyewe, bibi yangu mzaa mama, naye hakuwa akisema kwa mafumbo. Aliitamka mlangoni mwa mtu mmoja aliyemwahidi doti ya khanga mkewe akijifungua salama, kisha akajisahaulisha. Kwa bibi, maneno yale yalikuwa hati ya madai.

Makala haya yanahusu neno mkunga, na hasa kile kijineno kilichopachikwa nyuma yake katika karne iliyopita: wa jadi. Sisi walimu wa sarufi tunakiita kivumishi cha A-unganifu, na darasani hakituchukui zaidi ya kipindi kimoja. Katika afya ya umma kimefanya kazi nzito zaidi. Ndicho kilichoamua nani apewe mkoba na nani anyang'anywe, nani aingie wodini na nani akae nje ya ua.

Neno mkunga lenyewe ni kongwe. Wenye kamusi hulihusisha na kunga, yaani siri, au ujuzi usiotolewa kwa kila mtu, na katika ukoo huo yumo pia kungwi, amfundaye mwari. (Mkunga ni samaki vilevile, mrefu kama nyoka na mkali wa meno, lakini huyo tumwache baharini.) Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo ya desturi za Waswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha Göttingen mwaka 1903. Sura za mwanzo za kitabu kile zinahusu mimba, kuzaa na malezi. Nimekisoma mara nyingi, na kila mara huniingia wazo lile lile: huyu ni mwanamume anayeandika akiwa nje ya mlango. Hata hivyo namshukuru, kwa kuwa wakati ule hakuwapo mwanamke aliyeombwa kuandika. Katika ulimwengu alioueleza, mkunga ni mkunga tu. Hana cha kumtofautisha naye, kwa hiyo hahitaji kivumishi.

Haja ya kivumishi ilizuka pale alipotokea mkunga wa pili.

Mkunga huyo wa pili aliletwa na hofu ya idadi ya watu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watawala wa kikoloni na wamisionari katika Afrika Mashariki waliingiwa na wasiwasi kuwa wenyeji wanapungua: kaswende, vifo vya watoto wachanga, wanawake wasiozaa. Hofu hiyo ilikuwa na utu ndani yake, na ilikuwa na hesabu ya nguvukazi pia. Huko Mengo, Uganda, daktari wa misheni Albert Cook na mkewe Katharine walianzisha shule ya kuwafunza wasichana ukunga, ikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Waliochukuliwa walikuwa wasichana wa Kikristo waliojua kusoma, wengi wao wakiwa hawajawahi kuzaa. Kwa wazee hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwani katika jamii nyingi za kwetu mwanamke ambaye hajapata kuzaa hakuruhusiwa hata kukaa chumbani mwa mzazi, seuze kumwamrisha.

Hapa lugha inatupa ushahidi mzuri. Kiganda kililigawa jambo lile katika maneno mawili: mulerwa, mama wa kijijini, na omuzaalisa, aliyefunzwa shuleni. Kila mmoja akabaki na jina lake. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kilimpa yule msichana mwenye kofia nyeupe jina lile lile la mama wa kijijini, wakawa wakunga wawili wanaogombea neno moja. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika kitabu chake A Colonial Lexicon cha mwaka 1999 kuhusu uzazi na misheni ya Yakusu, karibu na Kisangani, alionyesha kwamba historia ya wodi za wazazi inaweza kusomwa kupitia maneno na vitu vidogo vidogo kama sabuni, nguo na baiskeli. Nadhani hata huyu "wa jadi" wetu anastahili usomaji wa namna hiyo.

Kiingereza kina neno la kale la mkunga, ambalo asili yake ni "aliye pamoja na mwanamke". Ni neno zuri mno. Waandishi wa sera za kimataifa hawakutaka kumpa mama wa kijijini neno hilo. Walilihifadhi kwa ajili ya mwenye cheti. Kwake waliunda jina jipya, ambalo tukilitafsiri sisisi ni "mhudumu wa kimapokeo wa uzazi", kisha wakalifupisha kwa herufi tatu, TBA, na kwa herufi hizo akasafiri katika taarifa kutoka Andes hadi Himalaya. Mwanaanthropolojia Stacy Leigh Pigg alichunguza yaliyotokea Nepal. Wapangaji walikuwa na kundi lao tayari kwenye karatasi, wakawa wanatafuta watu wa kulijaza, na Kinepali hakikuwa na neno moja lenye maana hiyo. Neno sudeni likachukuliwa likafanywa jina la cheo. Watu wa aina mbalimbali, waliokuwa na kazi mbalimbali katika vijiji mbalimbali, wakageuka kitu kimoja kinachohesabika.

Kwetu watafsiri hawakutafuta sana. Walikuwa na mkunga mkononi. Wakamwongezea wa jadi.

Jadi gani, lakini? Neno limetoka katika Kiarabu, kwenye babu na nasaba, nasi tunalitumia kwa maana ya asili, mila, mambo yaliyorithiwa. Bibi yangu hakurithi ukunga kwa mtu yeyote. Alizaliwa ng'ambo ya mto Pangani, upande wa kusini, na katika miaka ya 1950 alikuwa mfagizi katika hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge. Huko ndiko alikoona mkasi ukichemshwa kabla ya kukata kitovu. Aliporudi kijijini alimfuata mwanamke mmoja jirani, asiye ndugu yake, akajifunza kwake kukanda na kupapasa tumbo hadi akaweza kusema mtoto amelalaje. Ujuzi wake ulikuwa na umri wa miaka thelathini tu, na nusu yake ulitoka hospitalini. Wanaanthropolojia wamelisema hili kwa muda mrefu, kwamba kinachoitwa mapokeo mara nyingi ni mambo ya juzi yaliyopewa jina la kale. Mimi nililiona ukumbini kwetu, kabla sijasoma neno lao hata moja.

Sasa nieleze jambo ambalo bila ya hilo makala haya yangekuwa sifa tupu.

Aprili 1979, wakati wa masika, mama yangu mdogo alishikwa na uchungu usiku. Aliyekuwa naye ni bibi, mama yake mzazi. Mtoto alitoka vizuri, akalia. Kondo la nyuma halikutoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nje nikichemsha maji, na najua ilikuwa kitu gani kilichonishtua: bibi aliacha kuongea. Mkunga yule alikuwa akiongea muda wote, akimsemesha mzazi, akitaja majina ya waliomtangulia, akitania. Aliponyamaza tulijua. Damu ilikuwa haizuiliki. Vita vya Uganda vilikuwa vimechukua malori mengi ya nchi, na mafuta yalikuwa haba. Tulimbeba kwa kitanda hadi ukingoni mwa mto, na usiku ule hapakuwa na chombo cha kutuvusha. Alifariki kabla ya alfajiri, mji wa Pangani tukiuona ng'ambo. Mtoto yupo, ni mtu mzima sasa, ana wajukuu wawili.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Sereen Thaddeus na Deborah Maine, katika makala yao ya mwaka 1994, walivigawa vikwazo vinavyomuua mzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Niliyasoma nikiwa ofisini kwa walimu, nikafunga mlango. Kwetu sisi ilikuwa ule wa pili. Bibi aliamua upesi.

Tangu usiku ule bibi hakuzalisha kwa miaka miwili. Wanawake waliendelea kuja, naye aliendelea kuwaambia wavuke mto mapema, wakae kwa jamaa zao mjini wakisubiri. Baadhi walivuka. Wasio na jamaa mjini wala nauli walibaki, na uchungu ulipowashika walimtuma mtu kwake usiku, na hatimaye hakuweza kukataa. Naomba tuelewane hapa: kwa maisha yake yote yaliyobaki sikumsikia akisema neno baya juu ya hospitali. Aliyemzika mwanawe kwa damu hana ubishi na hospitali.

Wakati huo siasa ya dunia ilikuwa ikimwelekea. Tanzania ilianza huduma za Mama na Mtoto mwaka 1974. Mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi uliwataja waziwazi waganga na wakunga wa jadi, kadiri watakavyohitajika na baada ya kupewa mafunzo yafaayo, kama sehemu ya nguvukazi ya afya. Nchi maskini hazikuwa na wauguzi wa kutosha. Wakunga wa vijijini walikuwapo tayari, hawalipwi mshahara. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliandika makala iliyouliza, katika huduma za mama na mtoto, mama mwenyewe yuko wapi, kwa kuwa karibu kila kitu kilimlenga mtoto. Wapenzi wa lugha watambue kwamba kwa Kiswahili mama ndiye aliyetangulia katika jina la huduma. Kutangulia katika jina hakukumsaidia sana. Februari 1987, Nairobi, ulifanyika mkutano wa kuanzisha juhudi za uzazi salama. Ilikadiriwa kuwa wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya uzazi, na lengo likawa kuipunguza idadi hiyo kwa nusu ifikapo mwaka 2000.

Katika wimbi hilo bibi aliitwa wilayani kwa mafunzo ya wiki mbili. Alirudi na mkoba wenye nyembe, uzi, sabuni na mpira wa kutandika, pamoja na cheti. Hakujua kusoma, akanipa mimi nimsomee. Nikasoma jina lake, halafu nikasoma "Mkunga wa Jadi". Akaniuliza, "Jadi yangu au jadi yao?" Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Alikitundika cheti ukutani, karibu na kalenda.

Juu ya mafunzo ya aina hii, hakuna aliyeandika kwa ukali na kwa upole pamoja kama Brigitte Jordan, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Yucatán, Meksiko, na kuandika Birth in Four Cultures mwaka 1978. Jordan alikaa darasani pamoja na wakunga wa Kimaya waliokuwa wakifundishwa na wauguzi wa serikali. Aliona kwamba mafunzo yalitolewa kwa maelezo na picha za ukutani kwa watu ambao kazi yao waliijua kwa mikono. Walichojifunza zaidi, alisema, ni namna ya kuzungumza: namna ya kuwajibu wenye mamlaka kwa maneno wanayopenda kuyasikia. Waliporudi vijijini waliendelea na kazi yao ile ile. Bibi naye alinipigia hadithi ya mwalimu wao aliyeuliza, "Mkipata mzazi anayetoka damu nyingi mtafanyaje?" na darasa zima likaitikia, "Tutampeleka hospitali!" Bibi aliitikia pamoja nao. Kisha akamuuliza mwalimu kuhusu mto. Mwalimu alisema swali hilo halimo katika somo.

Sipendi, hata hivyo, kuyabeza mafunzo yale yote. Kabla yake bibi alikuwa akitia majivu juu ya kitovu, na baada yake aliacha. Yawezekana kuna watu wanaotembea leo kwa sababu ya kuacha huko. Kitovu kwetu ni jambo zito katika lugha na katika mwili. Mtu akisema "pale ndipo kilipozikwa kitovu changu" ametaja uraia wake kuliko kitambulisho kinavyoweza kuutaja. Lakini kitovu kile kile, kikikatwa kwa chombo kichafu au kutiwa kitu kichafu, ni mlango wa pepopunda. Na sayansi yenyewe imekuwa ikibadili kauli. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya klorheksidini ipakwe vitovuni mwa watoto wanaozaliwa nyumbani penye vifo vingi vya wachanga, kwa kutegemea majaribio ya Asia ya Kusini. Jaribio kubwa lililofanyika Pemba kwa watoto zaidi ya 36,000, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, halikuonyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika, ikilinganishwa na kukiacha kitovu kikavu. Kumbe kukiacha kikavu kunatosha pengine, kama alivyoambiwa bibi katika zile wiki mbili.

Kisha upepo ukageuka. Ifikapo miaka ya 1990, vifo vya wazazi havikuwa vimepungua kama ilivyotarajiwa, na wataalamu walianza kuuliza mafunzo ya wakunga wa jadi yameleta nini. Jibu lilikuwa chungu lakini lina mantiki. Mzazi huuawa zaidi na damu, kifafa cha mimba, maambukizi, au mtoto kukwama. Mkono mwerevu peke yake hauwezi kuongeza damu wala kupasua. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi walitoa tamko la pamoja juu ya mhudumu mwenye ujuzi, na wakaeleza kuwa mkunga wa jadi, awe amefunzwa au hakufunzwa, hamo katika kundi hilo. Tazama kazi ya kivumishi tena. Ukishamwita mmoja "mwenye ujuzi", humwachii mwenzake nafasi ya kuwa na chochote.

Ushahidi wenyewe ulikuwa na matawi mengi kuliko sera. Huko Larkana, Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa wakunga wa vijijini, ambao huko huitwa dai, walipofunzwa, wakapewa vifaa na kuunganishwa na vituo vya afya, vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilipungua kwa takribani asilimia 30. Huko Lufwanyama, Zambia, matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha vifo vya wachanga kupungua kwa asilimia 45 wakunga wa jadi walipofundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua na kumpa dawa ya awali kabla ya kumpeleka kituoni. Waliookolewa zaidi ni watoto. Mama alibaki akihitaji barabara, damu na chumba cha upasuaji.

Serikali nyingine zilichagua njia ya mkato. Malawi iliwapiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2007, na miaka mitatu baadaye Rais Bingu wa Mutharika akaiondoa marufuku hiyo hadharani. Katika baadhi ya vijiji vya Tanzania na kwingineko zilitungwa sheria ndogo za kumtoza faini mwanamke aliyejifungulia nyumbani. Nikiri kwamba faini hizi hunikasirisha kuliko jambo lolote katika historia hii. Mwanamke aliyezalia njiani, kwa kuwa uchungu haukungoja gari, anadaiwa pesa kabla mtoto hajapata kadi. Kenya ilijaribu jingine: Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuzaa bure katika vituo vya umma, na sera ikamgeuza mkunga wa jadi kuwa msindikizaji wa wajawazito. Tanzania kwa upande wake ilikuwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kwa sheria hiyo neno ukunga likawa na daftari, usajili na baraza.

Takwimu zimesogea kweli, na asiyetaka kuzisema hatendi haki. Kwa utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015/16, asilimia 63 ya uzazi ulikuwa katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulitaja asilimia 81. Makadirio ya vifo vya wazazi katika tafiti hizo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Nyuma ya tarakimu hizo wapo akina mama wadogo wengi ambao hawakuishia ukingoni mwa mto.

Mimi mwenyewe nimo humo. Mtoto wangu wa kwanza alipokelewa na bibi, mwaka 1984, nikiwa nimepiga magoti na nimeshika kamba ya kitanda. Mimba ya pili, mwaka 1988, alinipapasa akasema, "Wewe utavuka mto." Nikavuka mwezi mzima kabla. Nilizalia hospitalini na damu ikanitoka kama ya mama yangu mdogo. Nilichomwa sindano, nikaongezewa maji na damu, na leo naandika. Lakini nakumbuka pia kulala chali, peke yangu, na sauti ikinikemea kila nilipotaka kuinuka. Bibi alikuwa amekuja nami. Hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje ya ua chini ya mwembe usiku kucha, na muuguzi aliyekuja kumpa habari asubuhi alimuuliza kama yeye ni mama wa mgonjwa. Bibi alijibu kwamba hapana mgonjwa, ni mzazi.

Jibu lile limenifanya nisikilize vitenzi vyetu kwa miaka yote iliyofuata. Tunasema mwanamke amejifungua: kuna -ji- ya kujirejea, naye ndiye mtenda na ndiye mtendwa, mwenye fundo na mwenye kulifungua. Tunasema pia amezalishwa: kauli ya kutendesha imeingia, ikafuatwa na kutendwa, na mtenda ni mwingine ambaye sentensi haina haja ya kumtaja. Vitenzi vyote viwili ni Kiswahili fasaha, na mkunga wa kale naye alisemwa kuwa "amemzalisha" fulani, kwa hiyo sitaki kudai kuwa kimoja ni cha kijijini na kingine cha wodini. Nasema tu kwamba bibi, akisimulia kazi yake, alisema "nilikuwapo fulani akijifungua". Nilikuwapo. Kumbe ndiyo maana ya lile neno la Kiingereza ambalo wenye sera walimnyima.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya juu ya huduma wakati wa uchungu. Humo yamo haya: mzazi awe na mwenzake amtakaye, asilazimishwe kulala chali, aruhusiwe kutembea, kunywa na kula, asemeshwe kwa heshima. Peru ilikuwa imetangulia; mwaka 2005 ilitoa kanuni ya kitaifa ya kumruhusu mwanamke kuzaa akiwa wima, baada ya wanawake wa milimani kuvikwepa vituo vya afya kwa sababu ya kitanda chenyewe. Niliyasoma mapendekezo yale ya 2018 nikayahesabu kwa vidole. Mengi ya yale yaliyoachwa chini ya mwembe mwaka 1988 yamerudi yakiwa na muhuri wa Geneva. Sitanii wala silaumu. Nafurahi yamerudi, na wauguzi wakunga wa leo, walio wachache na wenye vitanda vichache, ndio wanaoambiwa wayatekeleze wakiwa na wazazi kumi kwa zamu.

Bibi alifariki mwaka 2005. Mkoba ulikuwa umekwisha vifaa zamani, kwa kuwa hapakuwa na aliyeleta vingine, na cheti kilikuwa kimeliwa na mchwa upande wa chini, mahali pa sahihi. Kwenye maziko walikuja watu ambao sikuwajua, wanaume watu wazima, wakisema kila mmoja, "Mimi ni mtoto wake." Binamu yangu, yule wa usiku wa mwaka 1979, alishuka kaburini kumpokea.

Nilikwenda mwenyewe kufuatilia cheti cha kifo katika ofisi moja ya serikali. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kazi ya marehemu, na mjomba, aliyeijaza kabla yangu, alikuwa ameandika "mkulima", kama watu wanavyoandika kwa kila mzee wa kijijini. Nikamwomba karani abadilishe, aandike mkunga. Karani, kijana mwenye adabu, akachukua kalamu.

"Wa jadi, mama?"

"Mkunga."

Akaniambia kwa pole kwamba mkunga ni mtu mwenye leseni, na hawezi kuandika hivyo bila namba. Angeweza kuandika "mkunga wa jadi". Nilisimama pale kwa muda, foleni ikiwa nyuma yangu. Kisha nikamwambia aache kama kilivyo. Cheti tunacho mpaka leo, kimeandikwa mkulima.